Dawa Isiyotibu: Mwongozo wa Kushika Hayaluronidasi

Mlenda uliopikwa ukaiva, ukiuinua kwa mwiko unavutika kama kamba na kitu kinachozama ndani yake hakifiki chini upesi. Nafasi zilizo kati ya seli zetu, chini ya ngozi na ndani ya maungo, zimejaa ute wenye tabia kama hiyo. Kinachoupa uzito ni asidi ya hayaluroniki, mnyororo mrefu wa sukari mbili zinazopokezana maelfu kwa maelfu huku ukishika maji. Mtu mzima wa kilo 70 ana takribani gramu 15 za asidi hiyo, na karibu theluthi yake huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Kazi ya kuivunja ni ya vimeng'enya vinavyoitwa hayaluronidasi. Vikikata mnyororo, ute unalegea, na kilichokuwa kimekwama kinapata upenyo. Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya mengine yote katika mwongozo huu: hayaluronidasi iliyo kwenye kichupa haitibu ugonjwa wowote. Inafungua njia tu, wala haichagui nani apite.

Ukilielewa hilo, huna haja ya kukariri orodha ndefu ya makatazo, kwa sababu karibu kila katazo linatoka hapo. Muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho, mfamasia anayepokea vichupa, tabibu anayetazama dripu iliyovuja, mtaalamu wa maabara anayeandaa mayai ya uzazi, na hata mteja aliyedungwa fila, yaani kijazio cha urembo, mdomoni, wote wanakutana na kimeng'enya hiki kimoja. Makosa yao pia yana mzizi mmoja: kuichukulia hayaluronidasi kama dawa ya kawaida inayofanya kazi yake peke yake.

Historia yenyewe inalithibitisha hilo. Mwaka 1928, Francis Duran-Reynals alichanganya virusi vya chanjo ya ndui na maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye korodani za wanyama, akaona maambukizi yanasambaa kwenye ngozi kuliko kawaida. Wakati huo asidi ya hayaluroniki ilikuwa haijagunduliwa. Karl Meyer na John Palmer waliipata mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Kilichokuwa ndani ya maji yale ya korodani kikaitwa kisambazaji, na mwaka 1940 Ernst Chain na Duthie wakaonyesha kuwa kisambazaji hicho ndicho kimeng'enya kinachokata asidi ya hayaluroniki. Angalia mpangilio wa mambo: dunia ilikijua kwanza kama kitu kinachosambaza maambukizi, matumizi ya tiba yakaja baadaye. Mbegu za kiume hukitumia kupenya tabaka la seli linalozunguka yai. Sumu ya nyuki na ya nyoka wengi inacho pia, na ndani ya sumu kazi yake ni kuipeleka sumu mbali na mahali ilipoingilia.

Kwanza uliza nini kitapita

Kabla ya kugusa kichupa, jibu maswali mawili: ni kitu gani kitapita, na kikipita kitafika wapi? Chukua mgonjwa anayefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Dawa ya ganzi inadungwa kuzunguka jicho, na hayaluronidasi inaongezwa ili ganzi ienee haraka bila kuacha uvimbe wa maji. Kinachopita ni dawa ya ganzi, nasi tunataka ifike kwenye neva. Lakini njia ileile inaipeleka ganzi kwenye damu upesi zaidi. Ndiyo maana ganzi iliyochanganywa na kimeng'enya inaanza mapema, inaisha mapema, na dalili za ganzi kuzidi mwilini zinaweza kujitokeza kwa urahisi zaidi. Mtu akisema, "Ganzi imeisha mapema, niongeze kiasi kilekile," hajaona kwamba ganzi haikupotea. Imeingia kwenye damu, na anachotaka kuongeza kitajumlishwa juu yake.

Dripu iliyovuja nje ya mshipa inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mfano mwingine wowote. Vinkristini, dawa inayotumika sana kwa watoto wenye uvimbe wa Burkitt, ikivuja huunguza tishu. Mwongozo wa tiba ni kuitawanya: hayaluronidasi pale ilipovujia, pamoja na kitambaa chenye joto, ili dawa isambae, ipungue makali na ichukuliwe na damu. Doksorubisini nayo huunguza, lakini hiyo inafuata njia ya kinyume: ibaki pale pale, kwa barafu, wala usiipe kimeng'enya. Dawa zote mbili ni za saratani, zote zimevuja, na jeraha kwa macho linaweza kufanana. Tofauti ni kwamba ya kwanza inapungua madhara ikienea, na ya pili inaongeza eneo la kuungua. Mtu aliyekariri kwamba dawa ikivuja inawekewa hayaluronidasi anaweza kumharibu mgonjwa kwa nia njema kabisa.

Kwa mantiki hiyohiyo, usidunge mahali penye maambukizi au uvimbe mkali, wala mahali palipo na saratani, maana utakuwa unawafungulia njia bakteria au seli za saratani. Hapa msomaji makini atauliza: mbona trastuzumabu, dawa ya saratani ya matiti, ina toleo la kudungwa chini ya ngozi lenye kimeng'enya hiki ndani yake? Ni kweli. Kipimo kimoja kina miligramu 600 za dawa na uniti 10,000 za hayaluronidasi ndani ya mililita 5, na hudungwa kwa dakika 2 hadi 5 badala ya mgonjwa kukaa na dripu. Lakini mahali pa kudungia ni paja, mbali na titi. Kinachotakiwa kupita ni mililita 5 ambazo nafasi chini ya ngozi isingezipokea kwa urahisi. Saratani yenyewe haiguswi na kimeng'enya hicho. Katazo ni la mahali panapodungwa, na mgonjwa wa saratani kwa jumla hakatazwi.

Swali la pili husikika zaidi vijijini na kwenye vituo vya pembezoni: kama inapunguza uvimbe, kwa nini tusimpe aliyeumwa na nyuki au nyoka? Kwa sababu nyuki au kifutu ameshampa tayari. Uvimbe wa sumu hautokani na ute uliozidi kuwa mzito. Ni sumu inayosafiri, na ukiongeza kisambazaji unaongeza mwendo wake. Maelezo ya dawa yanakataza jambo hili kwa maneno ya wazi, na ni katazo lisilohitaji mjadala mrefu.

┌─────────────────────────────
USIFANYE HAYA

• Usiidunge kwenye mshipa wa damu. Huko inakufa ndani ya dakika chache, na unakuwa umeipoteza bure.

• Usiidondoshe moja kwa moja kwenye kioo cha jicho.

• Usiichanganye kwenye bomba moja na furosemidi, fenitoini au dawa za jamii ya diazepamu. Haziendani.

• Usiitumie kuharakisha dopamini au dawa nyingine za kubana mishipa.

• Mgonjwa anayetumia kwa wingi aspirini, kortisoni, estrojeni au dawa za mzio anaweza kuhitaji kiasi kikubwa zaidi. Muulize kabla ya kupima.
└─────────────────────────────

Ni protini, itunze kama protini

Kila kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Ute wa yai ukipashwa moto hugeuka mweupe, ukipigwa kwa uma hujaa povu. Haurudi tena ulivyokuwa. Hayaluronidasi nayo huharibika kwa joto na kwa kutikiswa, ila yenyewe haikuonyeshi. Kichupa kilichopoteza nusu ya nguvu kinaonekana sawasawa na kile kizima: maji maangavu, lebo safi, tarehe bado. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa. Dawa iliyobadilika rangi utaitupa mwenyewe, lakini hii utaidunga, usione matokeo, kisha useme kiasi kilikuwa kidogo.

Kwa hiyo soma lebo ya kichupa ulicho nacho, usisome kumbukumbu yako ya kichupa cha mwaka jana. Matoleo ya maji yaliyo tayari, mathalani Hylenex inayotengenezwa kwa jeni ya binadamu, au Amphadase inayotoka kwa ng'ombe, hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Unga mkavu wa Hyalase, unaotoka kwa kondoo, una uvumilivu zaidi na huhifadhiwa chini ya nyuzi 25. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam asifarijike upesi na neno "unga": chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari kinavuka nyuzi 25 mchana kutwa, na kwa hali hiyo friji ni salama kuliko kabati. Toleo la maji lisigandishwe, kwa hiyo usiliegemeze kwenye ukuta wa nyuma wa friji ambako barafu huota.

Wapo wanaosema: umeme ulikatika usiku mzima, tukaitumia asubuhi, na kazi ilifanyika. Inawezekana kabisa, lakini hilo halithibitishi kitu. Katika ganzi ya macho, ganzi yenyewe hufanya kazi hata kimeng'enya kikiwa hafifu. Utaona imechelewa kidogo na hutajua sababu. Kichupa hichohicho ukikitegemea siku fila imeziba mshipa, hakuna kitu kingine ndani ya bomba cha kukuficha aibu. Kama friji ilizimika na hujui joto lilifika wapi, andika kwenye kichupa, kitenge, na uliza mfamasia au wakala kabla ya kukirudisha kwenye matumizi.

Hesabu uniti, acha mililita

Nguvu ya hayaluronidasi hupimwa kwa uniti, yaani uwezo wa kukata, kwa kuwa uzito wa unga haukuambii kitu. Kichupa kimoja kinaweza kuwa na uniti 150 ndani ya mililita 1, kingine uniti 200 kwa mililita, kingine uniti 1,500 za unga zinazosubiri maji. Anayeandika kwenye faili "hayaluronidasi ml 1" ameandika neno lisilo na maana, maana kati ya mililita moja na nyingine tofauti yaweza kuwa mara kumi.

Hatua za kuandaa kichupa cha unga chenye uniti 1,500:

1. Hakikisha jina, idadi ya uniti, asili ya kimeng'enya na tarehe ya mwisho. Mgonjwa akiuliza ni cha ng'ombe, kondoo au cha maabara, jibu limo kwenye maelezo ya dawa. Kwa wengine ni suala la imani, na ana haki ya kujua kabla ya sindano.

2. Muulize mgonjwa kuhusu mzio, hasa wa nyuki na nyigu. Sababu inakuja hapa chini.

3. Amua unataka uniti ngapi kwa kila mililita, ndipo uchague kiasi cha maji. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 mililita 10 yanakupa uniti 150 kwa mililita. Mililita 1 inakupa uniti 1,500.

4. Yaelekeze maji kwenye ukuta wa kichupa polepole. Kizungushe kwa vidole au kiviringishe viganjani. Usikitikise, povu ni protini inayoharibika.

5. Tazama kwenye mwanga. Chembe au ukungu visipoyeyuka, kitupe.

6. Bandika lebo: uniti kwa mililita, saa uliyochanganya, na jina lako. Kisha tumia mara moja.

7. Kilichobaki hakihifadhiwi kwa mgonjwa wa kesho.

Hatua ya tatu ndiyo inayoleta makosa mengi. Tuseme ganzi ya jicho inatakiwa iwe na uniti 15 kwa kila mililita, na bomba ni la mililita 10. Jumla ni uniti 150. Ukitumia mchanganyiko mzito wa 1,500 kwa mililita, unahitaji mililita 0.1, tone ambalo kosa dogo la jicho linaligeuza kuwa maradufu. Ukitumia mchanganyiko wa 150, unachukua mililita 1 nzima na mililita 9 za ganzi, na kosa lilelile la jicho halikudhuru. Wengine watasema kuongeza maji kunapunguza ukali wa ganzi, na ni kweli, kwa sehemu moja ya kumi. Hilo lipangwe mapema na daktari wa ganzi. Ni upungufu mdogo unaojulikana, tofauti na kosa la kipimo ambalo hutalijua ukubwa wake.

Kwa maji ya kudungwa chini ya ngozi pale mshipa unapokosekana, kama kwa mzee aliyepungukiwa maji mwilini, uniti 150 husaidia kufyonzwa kwa mililita 1,000 au zaidi. Wingi na mwendo wa maji hayo visizidi vile ambavyo ungempa kwa mshipa, kwa maana yatafika kwenye mshipa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, dripu moja isizidi mililita 200. Kwa mtoto mchanga au njiti, jumla ya siku isizidi mililita 25 kwa kilo, na mwendo usizidi mililita 2 kwa dakika. Maji mengi yaliyoingia taratibu chini ya ngozi humezwa na mwili bila kelele, na mapafu ndiyo hulipa.

Mzio, na kwa nini nyuki anahusika

Ikiwa mwili wetu una hayaluronidasi yake, mzio unatoka wapi? Unatoka kwenye asili ya kile kilichomo kichupani. Cha ng'ombe na cha kondoo ni protini ngeni, na hayaluronidasi ya sumu ya nyuki, ambayo ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana vya mzio wa nyuki, inafanana nazo kiasi kwamba mwili ulioizoea moja unaweza kuishambulia nyingine. Mtu aliyewahi kuzimia kwa kuumwa na nyuki asipewe bila ushauri wa daktari. Kipimo cha ngozi hufanywa kwa kudunga mililita 0.02 ya mchanganyiko wa uniti 150 kwa mililita ndani ya ngozi. Kipele chenye matawi kama vidole, kikitokea ndani ya dakika 5, kikadumu dakika 20 hadi 30 huku kikiwasha, ni jibu la ndiyo. Wekundu peke yake si mzio. Ni mishipa imetanuka. Adrenalini iwe mkononi, siyo kwenye kabati la chumba cha pili.

Kwa aliyedungwa fila

Fila nyingi za mdomo na mashavu ni asidi ya hayaluroniki iliyofungwa kwa kemikali ili idumu miezi. Ndiyo maana kimeng'enya hiki kinaweza kuziyeyusha, ingawa kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko asidi ya kawaida ya mwili, na kiasi hubadilika kwa kila chapa. Fila za silikoni, za kalisi na za asidi ya polilaktiki hazina mnyororo huo, na hata ukidungwa kichupa kizima hazitasogea. Kwa hiyo swali lako la kwanza, kabla hujalala kitandani, ni jina la kilichomo kwenye bomba. La pili: hayaluronidasi ipo humu ndani sasa hivi, kwenye friji, na ni uniti ngapi? Anayetaka kukudunga fila huku hana kimeng'enya hicho anakupandisha gari lisilo na breki.

Dalili za mshipa kuzibwa ni ngozi kuwa nyeupe ghafla au yenye madoa ya kizambarau kama wavu, maumivu makali, ngozi kupoa, na damu kuchelewa kurudi ukibonyeza kwa kidole. Hapo hakuna kusubiri kesho, wala kipimo cha mzio hakisubiriwi. Saa ndiyo inayoua ngozi. Mpango uliopendekezwa mwaka 2017 na Claudio DeLorenzi wa Kanada hutumia uniti 500 kwa eneo dogo kama mdomo, zikirudiwa kila saa mpaka damu irudi, na huongezwa eneo likiwa kubwa. Ni kazi ya mtaalamu, lakini ni vizuri ujue kwamba uniti 50 na maneno ya "itatulia" si tiba. Macho yakififia baada ya fila, kimbilia hospitali yenye daktari wa macho papo hapo.

Hofu inayosikika kwa wateja ni kwamba kimeng'enya kitakula na asidi ya mwili wenyewe, uso ubaki umenyauka. Kitaila, ndiyo, pale kilipodungwa. Lakini mwili unatengeneza mpya kila siku, na majaribio kwa watu wazima yameonyesha kizuizi cha ngozi kikirudi kikamilifu ndani ya saa 48. Uso unaoonekana umeporomoka baada ya kuyeyushwa mara nyingi ni uso uliokuwa umezoeleka ukiwa umejazwa.

Kwa wa maabara

Chanzo cha kimeng'enya huamua nini kinakatwa. Cha korodani za ng'ombe hukata pia kondroitini salfeti, kwa hiyo kikiyeyusha sampuli yako bado hujathibitisha kwamba ilikuwa asidi ya hayaluroniki. Cha bakteria Streptomyces hyalurolyticus huchagua asidi hiyo peke yake. Unga mkavu wa maabara hukaa kwenye friza ya nyuzi -20, tofauti na vichupa vya hospitali, kwa hiyo usivihifadhi pamoja. Mchanganyiko mwepesi sana hupoteza nguvu haraka na kushika kuta za mrija, ndiyo maana huongezewa albumini kidogo. Uandae kwenye barafu, uutumie siku hiyohiyo, na kumbuka kwamba heparini hukizuia kimeng'enya. Mrija wa damu wenye heparini unaweza kukupa jibu la uongo. Kwa mayai ya uzazi, uniti 80 kwa mililita hutosha kuondoa seli zinazoyazunguka, na yai hukaa humo kwa takribani nusu dakika kisha huoshwa. Weka saa mezani kabla ya kuliingiza, siyo baada.